Usingizi wa Diwani

Alikuwa na miaka saba, na kilemba kilikuwa cha marehemu babake.
Kila alipoinama kupokea salamu kilimshukia machoni,
na Mwanakheri, mlezi wake, alikipandisha kwa kidole kimoja
kama mtu anayeweka sawa kifuniko cha chungu.

Usiniulize ulikuwa mwaka gani. Mzizima ile
miaka ilihesabiwa kwa njaa na kwa ndui,
na huu haukuwa na njaa wala ndui,
ulikuwa na mjomba.

Mjomba Ngwali. Muhuri wa mtoto, mkono wake.
Alitoza sandarusi, watu wakaguna.
Alitoza chumvi, wakala mchuzi chapwa, wakaguna.
Kisha akaweka mtu kisimani, na rungu,
pesa moja kila mtungi.
"Amri ya Diwani!" alipita mpiga mbiu.
Diwani saa hiyo yuko uani
anamfunga kaa uzi mguuni.

Ijumaa wakamkamata Dibwe, mpima mizani wa gulioni.
Kosa lake: alikataa jiwe jipya
linaloitwa frasila na halifiki frasila.
Walimtoa sokoni kanzu imechanika, kiatu kimoja.
Mkewe hakulia. Aliingia ndani
akatoka na kitanda, peke yake,
miguu ikichora mchanga,
akakilaza kati ya njia iendayo nyumba ya mawe.

Jirani akaleta kinu.
Mwingine mlango, na bawaba zake.
Wachimba sandarusi wakashuka kutoka Pugu na majembe.
Mwavita mfinyanzi akapanga mitungi mibichi, haijaona moto:
"Ikivunjika, leo nitakuwa nimepata hasara kwa hiari yangu."
Kulipokucha hapakuwa na kichochoro
kisichozibwa na chombo cha mtu,
na askari wa Ngwali walisimama upande wa pili
wakitambua vitanda vya mama zao.

Usiku wa pili, uvumi:
mtoto anatoroshwa, anapelekwa Bagamoyo, na muhuri.
Umati ukajaa mlangoni.
Hawakuomba damu. Walisema, "Tunataka tumwone."

Ndani, mtoto alikwisha vishwa nguo za safari.
Mwanakheri akamtupia shuka hadi kidevuni.
"Lala."
"Sina usingizi."
"Hata wao hawana. Lala."

Wakaingia mmoja mmoja. Majembe waliyaacha kizingitini.
Chumba kikanuka jasho na utomvu.
Mtu akafukuza mbu. Mtu akasema, taratibu, "Kumbe ni mdogo hivi."
Kope za Diwani zilitetemeka, na wote waliziona,
na hakuna aliyekubali kuwa ameziona.

Mke wa Dibwe aliinama karibu kuliko wengine.
Ncha ya kiatu ilichungulia nje ya shuka.
Kiatu, usiku ule, kitandani.
Neno moja tu lingetosha.
Akavuta shuka, akakifunika,
akatoka.

Kwa nini? Wajukuu wamebishana hadi leo.
Huruma, husema mama yangu.
Mimi nadhani alikuwa akihesabu.

Asubuhi Dibwe aliachiwa, bado kiatu kimoja.
Mtu wa kisimani aliondoka na rungu lake.
Ngwali alikwenda kuhiji, akachelewa sana kurudi.

Naye mtoto akakua. Kilemba kikamtosha.
Amri yake ya kwanza isiyo na mjomba:
nyumba mpya, mbali na mji, dirisha hata moja lisielekee watu.
Ya pili: kisima, nusu pesa.
Watu walitazamana. Vitanda vilikuwa ndani,
kamba zake mpya, zimekazwa vizuri.
Wakaguna.

Kitanda chenyewe kiko kwangu, Buguruni.
Mguu mmoja ni mfupi, ulilika ule usiku wa mchanga,
nimeuwekea kibao.
Maji yakikatika siku ya nne,
na mwenye mkokoteni akipandisha bei ya dumu,
nakaa ukingoni, nakipima uzito kwa mikono miwili.
Ni kizito.
Sijui aliwezaje peke yake.